La, Do, Mi Kwenye Mbao za Machimboni

Binti yangu alikuja kutoka machimbo ya Geita na ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, akasema mumewe ameichonga kwa ajili yangu. Mwanamume huyo sikuwa nimewahi kumkaribisha nyumbani kwetu Kolandoto. Hawakufunga ndoa kanisani. Kazi yake ni kuweka matimba, zile nguzo zinazozuia duara, shimo la dhahabu, lisimwangukie mchimbaji.

"Kachonga kwa mbao gani?" nikauliza.

"Vipande vya matimba vilivyobaki, Baba."

Nikarudisha mkono. Nasikia wanavyofungua duara huko: mganga huitwa, mbuzi huchinjwa, damu humwagwa juu ya mbao za kwanza. Mimi ninayeshiriki meza ya Bwana, nikumbatie kitu cha namna hiyo? Nikainusa. Gundi na vanishi. Nikaitikisa. Kimya, na kimya hicho nacho sikukiamini.

"Baba, ningetaka kukuroga ningepitia kwenye ugali. Unaula bila kuuliza."

Mama yake alicheka hadi akaweka ungo chini. Mimi sikucheka.

"Kesho naondoka," binti akasema, sasa kwa upole. "Nikirudi nayo atajua umemkataa. Na mimi nimechoka kuja kwenu peke yangu kama mjane."

Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikaipokea. Akakishika kidole changu cha kati, akakiweka kwenye uzi wa juu, ule ulio karibu na kidevu, nyuma kidogo ya chuma cha pili cha shingoni.

"Kidole hicho tu. Nyuzi nyingine ziache. Mpangilio huu wa sauti unaitwa A maina."

Nilipopiga, uzi ulikoroma.

"Kandamiza, Baba. Haing'ati."

Nikakandamiza mpaka kidole kikaingia alama. Ikalia safi: la, do, mi, zile sauti za Ijumaa Kuu nilizofundishwa kwenye kwaya nikiwa kijana. Nilizidi kushuku kwa sababu ilikuwa nzuri. Mwovu naye anajua kuimba. Nikapiga tena. Namshukuru Mungu, vidole vyangu vya uzee vilitii.

"Habari ya mbao bado sijaiamini," nikamwambia. "Mwambie aje mwenyewe anieleze zilitoka wapi."

"Aje hapa? Ndani?"

"Sasa nimhoji barabarani?"

Binti aliinamisha uso. Mama yake akachukua ungo wake, akaanza tena kupepeta, akauliza kama mkwe wetu anakula samaki.