Kompyuta Haikuambiwa Kuwa Ni Mei

Lorinda Etsitty alikuwa na mdomo mkali na machozi ya karibu, na vyote viwili alivitumia darasani. Miaka kumi na mmoja alikaa Phoenix akipokea simu za watu waliogombana na kompyuta zao, akiwaambia kwa ule upole wa kulipwa, "Hebu izime, halafu uiwashe tena." Mama yake alipougua alirudi kwao, katika nchi ya Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, akakuta shule ya msingi ya Tsebito imeletewa kompyuta thelathini na hakuna wa kufundisha kuzitumia. Zilikuwa zimefungiwa kabatini mwaka mzima, watoto wakizichungulia kupitia kioo. Alikasirika, akaomba kazi siku hiyo hiyo.

Hakuanza na kompyuta. Alianza na unga. Mtoto mmoja alijifanya mashine, wenzake wakamwamuru apike mkate wa kukaanga, naye alitakiwa kufanya alichoambiwa tu, si zaidi. "Tia maji," wakasema. Akamimina jagi zima, maji yakatiririka mpaka sakafuni.

"Mbona hamkumwambia aache?" Lorinda akauliza.

"Si anajua mwenyewe, Mwalimu!"

"Hajui kitu, huyo. Anajua mlichomwambia. Haya, leteni matambara."

Hivyo ndivyo darasa la tano lilivyojifunza kutunga programu, na kufikia Krismasi walikuwa wakichora wanyama na kuwatembeza kwenye skrini. Aliyewapita wote alikuwa Deezbaa Bitsilly, msichana wa miaka kumi, mkimya, asiyependa kazi yake ionekane kabla haijakamilika. Januari, theluji ikiwa ya magotini, alimrekodi bibi yake akisimulia kando ya jiko kisa cha Mbweha. Bibi Bessie ndiye pekee aliyebaki akikisimulia jinsi kilivyosimuliwa upande wao wa bonde. Deezbaa akachora picha, akaziendesha kwa kufuata sauti ya bibi yake.

Maonyesho ya shule yakawekwa mwezi wa Mei. Wazazi walijaa ukumbini na sahani zao za mchuzi wa kondoo. Deezbaa akabonyeza kitufe, na sauti ya Bibi Bessie ikaenea ukumbi mzima, ikianza na Mbweha anayejitembelea zake.

Sasa, visa vya Mbweha ni vya majira ya baridi. Theluji ya kwanza huvifungua, na ngurumo ya kwanza huvifunga, kwa sababu baada ya hapo nyoka wameamka na wanasikia. Lorinda alilijua hilo tangu utotoni. Joto likishaingia, hata ungemchapa asingekusimulia kisa hata kimoja. Lakini hii ilikuwa kompyuta, na kichwani mwake kompyuta haisimulii, inaonyesha tu. Ngurumo ilikuwa imepita tangu Machi. Wazee waliinuka mmoja mmoja, bila kelele, wakatoka na kuacha mchuzi ukipoa.

Bibi Bessie hakutoka. Alikwenda moja kwa moja mbele.

"Zima."

Deezbaa akazima, machozi yakimlengalenga.

"Mimi ni wa kusimulia Mei?" Bibi akamgeukia Lorinda. "Umenifanya mwendawazimu mbele za watu, mwanangu." Alimwita mwanangu kwa haki, maana koo za mama zao ni moja, na kwa haki hiyo hiyo alimsema mpaka akatosheka. "Ifute sauti yangu. Ijumaa nakuja kuhakikisha."

Lorinda aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu awe mtu mzima. Siku mbili alilifungua lile faili, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akashindwa. Likifutwa, kisa kingebaki katika kichwa kimoja chenye miaka themanini na mmoja. Lakini hakuwa na haki ya kulibakiza. Sauti ilikuwa na mwenyewe.

Alhamisi Deezbaa alimfuata chumba cha kompyuta.

"Mwalimu, kompyuta haina kosa. Hatukuiambia kuwa ni Mei."

Lorinda akaukumbuka unga wake na maji sakafuni, akacheka kwa uchungu. Yeye mwenyewe ndiye aliyedhani mashine inajua. Siku ile walibaki baada ya masomo, wakaiwekea programu sharti: ifunguke Desemba, ijifunge Machi.

Ijumaa Bibi Bessie alisikiliza maelezo mpaka mwisho.

"Ngurumo inafuata kalenda yenu?"

"Tunaweza kuiunganisha na watu wa hali ya hewa, Bibi," Deezbaa akasema.

"Wako wapi hao?"

"Mjini Flagstaff."

"Ngurumo ya Flagstaff inanihusu nini mimi?"

Kisha Deezbaa akasema taratibu, "Basi ikuulize wewe. Uiwekee neno la siri. Bila wewe haifunguki."

Lorinda akaiandikia programu sharti hilo papo hapo, naye Bibi akakitazama kibao cha herufi, akavaa miwani. "Geukeni ukutani. Nyote wawili." Kwa robo saa walisikia kidole kimoja kikibonyeza, na mara mbili akisonya. Alipomaliza alimwita Lorinda.

"Na wewe uliyeitengeneza, huwezi kuingia bila neno langu?"

Lorinda angeweza kusema hawezi, na angeaminiwa.

"Naweza, mama. Aliyetengeneza hakosi njia."

Bibi akavua miwani. "Ungesema huwezi, ningeipiga nyundo." Akatwaa mkoba wake. "Tutaonana theluji ikianguka."

Majira yote ya joto Lorinda aliiacha ile kompyuta kabatini. Wageni wa idara ya elimu walikuja wakaomba kukionja kile kisa kidogo tu, dakika moja, naye akawaambia warudi wakiwa wamevaa makoti. Hawakufurahi, naye hakujali.

Theluji ilianguka wiki ya pili ya Desemba. Bibi Bessie alishushwa kwenye pikapu, akakung'uta viatu mlangoni, akaligeuza darasa zima ukutani, akabonyeza. Sauti yake ikaanza. Aliisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikimchezacheza, na Lorinda, aliyesimama nyuma, hakuweza kujua kama amependezwa. Kisa kilipokwisha Bibi akaguna.

"Huyu mama ana haraka ya nini? Ameruka pale Mbweha anapoomba msamaha."

Akavuta kiti mpaka kwenye kipaza sauti, akalegeza skafu yake.

"Deezbaa, washa hicho kinasa sauti. Na ninyi wengine kaeni vizuri, ni kirefu."