Dawa Nyekundu Haikandwi kwa Maji Moto

Ngozi ya mkono wangu wa kushoto iliangukia kwenye uteo wa mbaazi, asubuhi, jua likiwa limeshatoka vizuri. Nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba yetu Matiliku na jirani yangu, mama mzee Kalunde, tunaambua mbaazi na kuongea habari za mvua. Sikusikia kitu. Niliona tu kipande cheusi, kikavu kama ngozi ya kenge, katikati ya mbegu za kijani. Nikadhani ni ganda. Halafu nikatazama mgongo wa mkono nikaona shimo, na ndani ya shimo kamba nyeupe. Nilipokunja kidole, kamba moja ikatembea.

Kalunde hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaufunika na leso yake, akaniambia, "Usiangalie huko, mwana wakwa. Angalia mimi."

Wifi yangu akatoka jikoni wakati huo huo, akatukuta hivyo: mzee ameshika mkono, mkono una shimo. Hayo tu ndiyo aliyaona, na hayo ndiyo alienda kusema sokoni.

Sasa nianze pale kazi ilipoanzia, ndio vijana mnaofanya kazi ya wodi leo mjue shimo lile lilitoka wapi.

Niliandikwa nikiwa msichana, miaka ya sabini ikianza, kwa hospitali moja ya misheni upande wa Kitui, kupita Kwa Vonza. Nilikuwa na darasa la nne tu. Jina la hospitali nitaliacha. Kuta hazikunidunga sindano. Ni watu, na hao nitawataja.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Matron Rhoda Mumbua. Matron ndiye mkubwa wa manesi wote, na yule alikuwa mkubwa hata wa madaktari wakiwa hawako. Alinitazama miguu kabla ya uso, akasema wodini kwake haingii vumbi la shamba, akanituma nikanawe kwanza. Sisi wa chini tuliitwa sabodineti. Tulipiga deki, tukamwaga bedpani, vyombo vya haja vya wagonjwa, tukachemsha sindano, kwa maana siku hizo bomba la sindano lilikuwa la glasi na lilitumika mpaka livunjike. Glavu pia hazikutupwa. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda zivaliwe tena. Upepo ukija zilijaa, vidole vikasimama vyote, ukipita hapo peke yako unaona kama watu wanakuzuia usiingie.

Nilianzia wodi ya wazazi, na huko nilifundishwa kukanda. Mama akijifungua, beseni la maji moto na kitambaa. Hilo sikuhitaji kufundishwa sana. Ukambani tunakanda kila kitu: mzazi, mguu ulioteguka, mgongo wa mzee. Na dripu ikitoka kwa mshipa, maji yakaingia kwenye nyama na mkono ukavimba, Matron alisema neno moja: beseni. Tunakanda mpaka uvimbe unashuka. Kwa dripu ya maji ya chumvi hakuna ubaya niliouona. Matron alikuwa amesoma, lakini alitoka kwenye nyumba kama zetu, na beseni alitoka nalo huko.

Kutoka wazazi nikapelekwa dobi, kufua mashuka. Kutoka dobi, miaka ya themanini, nikapelekwa wodi ya mwisho, ile iko peke yake karibu na uzio. Hiyo ndiyo ilikuwa ya saratani. Daktari Nzau alikuwa anakuja kutoka Nairobi kila mwezi, amebeba vichupa ndani ya sanduku la baridi. Ndani ya kichupa ni unga mwekundu. Ukitiwa maji unakuwa kama sharubati, rangi ya kupendeza kabisa, na hiyo rangi ndiyo ilinitisha. Mgonjwa akidungwa, mkojo wake unatoka mwekundu, si wa damu, ni dawa inapita. Baada ya wiki kadhaa nywele zinabaki kwa mto. Nilikuwa nikizizoa asubuhi, na wenye nywele wamekaa wananitazama. Wengine walipona. Hilo niliseme, maana lilikuwa linashangaza kuliko mengine yote: mtu uliyemwekea shuka la kumfunika anarudi na kuku wa kumshukuru daktari.

Kuhusu hatari, Daktari aliongea na Matron na klinikal ofisa, yaani msaidizi wa daktari, Bwana Kioko, ndani ya ofisi, kwa Kiingereza. Kwetu yalifika maneno machache: tuvae glavu tukimwaga mkojo na matapishi ya aliyedungwa, na mwenye mimba asiguse kabisa. Glavu zenyewe zilikuwa zile za kwenye kamba, zina matundu.

Halafu matezi yakaniota shingoni. Daktari Nzau aliyashika, akashika na ya kwapani, akasema ni saratani. Kitanda nilichopewa nilikuwa nimekitandika mwenyewe asubuhi hiyo.

Mara za kwanza alinidunga yeye. Sikilizeni alivyofanya. Alitafuta mshipa mnene hapa katikati ya kigasha, mbali na kiwiko na kiganja. Aliingiza sindano ndogo yenye mabawa, ile tuliita kipepeo, akapitisha maji ya chumvi kwanza, akavuta kidogo aone damu inarudi. Ndipo dawa, polepole, na kila mara anavuta tena kuangalia damu, na kila mara ananiuliza, "Inachoma? Sema hata kama ni kidogo." Akimaliza, maji ya chumvi tena. Matezi yakaanza kupungua.

Mwezi mmoja mto ulijaa, gari la Daktari likakwama ng'ambo. Vichupa vilikuwa vimetangulia kwa gari la misheni. Bwana Kioko akasema siku haiwezi kupotea, watu wako kwenye foleni. Alinidunga mgongo wa mkono, mshipa mwembamba kama uzi. Alikosa mara moja, akadunga tena palepale chini. Maji ya kupima hakupitisha. Alisukuma dawa moja kwa moja.

Nikamwambia, "Bwana Kioko, inachoma."

"Dawa kali lazima ichome. Si umeona wenzako?"

Ilikuwa kama siafu wanatembea chini ya ngozi, wanatafuta mlango. Nikaona mkono unainuka. Nikalia. Matron akaja, akasimama juu yangu, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Kavutha, wewe ni mfanyakazi hapa. Usinililie kama mgonjwa." Akageuka kwa Syombua, sabodineti mwenzangu. "Beseni."

Syombua alinikanda vizuri, masikini, anasugua huku anaimba wimbo wa kanisa. Nilimshukuru. Sina neno naye, alitumwa. Jioni mkono ulikuwa mwekundu kidogo tu. Matron aliutazama akasema umepona, nikaruhusiwa kwenda nyumbani Matiliku.

Hapo ndipo mambo yalikuwa ya ajabu. Siku za kwanza, hakuna kitu. Nikapika, nikachota maji. Halafu likaja lengelenge. Halafu doa la rangi ya zambarau, halafu jeusi, na kila asubuhi lilikuwa limesogea, kama mtu amekaa ndani anavuta blanketi kujifunika. Pembeni kuliuma. Katikati kulinyamaza kabisa, nikichoma na mwiba sisikii. Kisha ile asubuhi ya mbaazi.

Kufika Jumapili watu walikuwa wameshajua ni nani. Kalunde alikuwa mjane, anaishi peke yake, na alionekana ameshika mkono. Walisema ni uoi, uchawi. Wazee wa kanisa walikuja kuniombea, na kila "amina" walitazama boma lake. Nilisema ni sindano. Wifi yangu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sindano gani hungoja wiki tatu?" Usiku wa kwanza wa mvua walimbomolea jiko. Kijana wake akaja akamchukua mpaka Kibwezi, na huko akafa, akazikwa kwa shamba la watu.

Niliporudi hospitali na Daktari Nzau akaufungua mkono, hakunisalimia hata. Aliuliza, "Nani amekanda huu mkono?"

Nikamweleza. Akakaa chini. Akasema dawa hii ikitoka kwa mshipa inaua nyama polepole, haina haraka, na moto unaipeleka mbali zaidi. "Nilimwambia Matron kwa mdomo wangu, na Kioko akiwa hapo. Ikimwagika, simamisha. Usitoe sindano kabla hujavuta kile unaweza kuvuta. Weka barafu, inua mkono, niite. Usisugue. Usipashe moto."

Alikata ngozi ya paja langu akafunika shimo. Vidole vitatu havikunji tena.

Alileta maneno mbele ya kamati ya hospitali. Nilikuwa mlangoni, niliitwa kama shahidi lakini sikupewa kiti. Matron Rhoda alisimama na kofia yake nyeupe, akasema hivi: "Mkono huu ulitoka hapa mzima. Umeharibikia Matiliku. Mnajua watu wa huko na mambo yao." Na kweli ulitoka mzima. Hapo ndipo alinimaliza. Alichukua maneno ya sokoni, yale ya kumfukuza Kalunde, akajikinga nayo, naye alikuwa ameambiwa na Daktari jinsi dawa inavyongoja. Kamati ikaomba Mungu, ikafunga kesi.

Nikapewa kazi ya getini, kufungua na kufunga kwa mkono mmoja, mpaka waliponistaafisha kabla ya umri. Matezi hayajarudi. Sisemi dawa ni mbaya. Ninapumua kwa sababu yake. Nyinyi mnaodunga leo, mgonjwa akisema inachoma, amini, hata akiwa ni mfagiaji wenu. Na nyinyi wa kubeba beseni, mkitumwa, ulizeni kwanza ni dawa gani.

Bwana Kioko ana kliniki yake mjini Wote, anadunga watu mpaka sasa. Matron Rhoda amestaafu, anakaa Wote pia, anaongoza akina mama kanisani. Watoto wa Kalunde wamejaribu kurudi kwa shamba la mama yao, na hakuna jirani anayewapa hata moto.

Rhoda Mumbua, mkono huu sikudai. Njoo Matiliku Jumapili yoyote, usimame mbele ya wale wazee na mbele ya watoto wa Kalunde, na useme kwa Kikamba, wifi yangu akisikia: ulijua au hukujua kwamba ni sindano? Ukiwa ulijua, kwa nini uliacha mama yao alipe? Jibu ungali hai.