Siku Nilipomtetea Papa Nyangwe

Aibu hii hata mke wangu anajua nusu yake tu, lakini kwa kuwa Nyangwe yote inaicheka, afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Nilikuwa animatere wa shirika moja la samaki pale Kasongo (animatere ni yule anayefundisha watu kazi asiyoijua), na wakubwa wakatuletea wavu wa mfano, wa zile meli zinazokokota nyavu baharini, wenye vyuma ndani: samaki wadogo wanapenya katikati ya vyuma, lakini requin, yule samaki mkubwa mwenye meno, anavigonga na kutokea kwenye tundu la juu akiwa mzima. Mto wetu, Lualaba, hauna requin, ila feza ya mradi ilikuwa ya requin, basi requin wafundishwe.

Kiswahili chake sikukijua. Kuuliza nikaona haya, nikafungua kamusi ya watu wa pwani: papa. Kwetu papa ni baba, nikajiambia wataelewa tu.

Nikapanda moto, pikipiki ya mradi, hadi Nyangwe, nikasimama mbele ya wavuvi na wake zao, nikasema, "Papa wengi wanakufa bure mu nyavu. Wavu huu unawaacha papa watoke."

Mama Zaina, ambaye bwana yake alinaswa na wavu wake akazama, akasimama. "Papa ya batoto yangu alikufa vile. Juu ya nini mumechelewa?"

Wanawake wakaanza kulia, kapita, msimamizi wa wavuvi, akatusimamisha wote tuwaombee marehemu, na mimi na kofia yangu ya mradi nikainamisha kichwa. Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema.

Kapita akauliza, "Papa anatoka kweli?"

"Anatoka."

"Na weye si papa? Ingia, tuone."

Nikaingia, maana kukataa kungehitaji maelezo. Kichwa kikatoka tunduni, mabega yakatoka, tumbo likakataa. Wengine wakavuta mikono, wengine miguu, suruali ikaenda na wa miguu, hadi kapita akaukata wavu wa wakubwa kwa panga, na mimi, nimelala mchangani na chupi, nikakiri kwamba papa ni samaki.

Walicheka hadi wakakaa chini. Mama Zaina peke yake hakucheka. "Sasa ule wa kuokoa batu," akaniuliza, "mutaleta siku gani?"

Nikaomba suruali yangu. Tangu siku ile nimeapa kwamba neno nisilolijua nitaliuliza kwanza, tena mbele za watu, nikiwa bado nimevaa.