Swali la Baada ya Ibada

Katika kanisa letu dogo la Methodisti hapa mjini Malindi, mimi ndiye ninayeongoza kikundi cha maombi. Baada ya ibada humuuliza kila mmoja, "Roho yako i hali gani?" Sisi wazee hujibu, "Salama," kisha tukaenda zetu kunywa chai.

Siku moja alikuja binti wa chuo. Nilipomuuliza akasema, "Mbaya, Bi. Tangu mama afariki siwezi kusali." Mjinga mimi! Nikaona ametukosea adabu, nikamgeukia aliyekaa pembeni yake. Binti yule hakurudi tena.

Sasa kila Jumapili tunamwomba Mungu atuletee vijana. Jana, nyumbani kwangu, nimekaa peke yangu na kikombe changu, nilijiuliza swali lile kwa sauti. Nikajijibu upesi, "Salama."