Aliyeacha Hatujampa Jina

Walevi tumewatungia maneno chungu nzima: chapombe, mtungi, mlevi wa kutupwa, mtu wa maji makali. Aliyeacha pombe hatujamtungia hata moja, na aibu hiyo ni yetu.

Mwashi mmoja alikuwa ametimiza miezi kumi na mmoja bila kuonja tone. Hata hivyo, kila asubuhi alipofika kwenye ghorofa waliyokuwa wakiijenga, alipokewa kwa swali lile lile: Chapombe ameamka na chupa ngapi? Alicheka nao, kwa kuwa asiyecheka huchokozwa zaidi, lakini maneno yale yalimkata maini.

Aliwahi kuanguka kutoka jukwaa la kujengea akiwa amelewa chakari, akanusurika chupuchupu. Msimamizi akamshusha cheo, akawa saidia fundi wa kukoroga saruji na kubeba ndoo, na amri ikatolewa kwamba mlevi hapandi. Kosa hakulikana. Ila adhabu isiyo na kikomo si adhabu tena, ni dharau. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kurudi juu na mwiko mkononi. Huko juu sasa alijenga mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Asubuhi moja baada ya mvua, aliinua macho kutoka kwenye saruji akaona mguu mmoja wa jukwaa umezama topeni. Mwanafunzi wake wa zamani, kwa haraka zake, alikuwa amefunga uzi wa kunyooshea matofali kwenye jukwaa badala ya kuufunga kwenye pembe za ukuta. Jukwaa lilipoinama, uzi uliinama nalo, na matofali yakaufuata uzi.

"Ukuta unalala," aliita.

"Ukuta umesimama, mzee," mbeba mchanga akamjibu. "Anayelala ni wewe."

Kicheko kikazunguka kiwanja kizima. Mwingine akamshauri anywe maji ya kutosha, na yule wa juu akaendelea kupanga matofali bila kugeuka. Mwashi angeweza kunyamaza, waone wenyewe. Lakini chini ya ukuta ule kina mama walikuwa wakipita na ndoo za maji tangu alfajiri. Akaweka sepetu chini, akamfuata msimamizi.

Msimamizi alikuja akinung'unika, akateremsha timazi kupima wima wa ukuta. Ulikuwa umetoka nje kwa vidole vitatu. Kicheko kikakatika. Ikaamriwa mistari minne ya matofali ibomolewe.

Yule wa juu alishuka, uso umemsawijika, akamnyooshea mwalimu wake mwiko. "Panda wewe, mwalimu. Nitakupokeza matofali."

Msimamizi akakumbusha kuwa amri ipo. Kisha, mbele ya watu wote, akamwambia mwashi afungue kinywa. Mtu mzima mwenye wajukuu wawili akanuswa kama chungu cha mboga ya jana! Alisimama mikono nyuma hadi msimamizi alipotosheka.

"Haya. Leo tu."

Kwanza aliwafanya wainue ule mguu wa jukwaa na kuuwekea ubao chini yake. Ndipo akapanda, akafunga uzi kwenye pembe za ukuta. Chini mtu alisema, "Chapombe kapanda," na hakuna aliyecheka. Mwashi hakugeuka. Aliomba tofali.