Aliyewekwa Kwenye AOB

Nilimwahidi Mama Nekesa kwamba angesikilizwa, na ahadi hiyo niliivunja nikiwa nimeketi mezani, kalamu mkononi, bila kufungua mdomo. Nakuandikia habari hiyo, mwanangu, kwa sababu jana ulinitumia kwa simu ajenda ya mkutano wako wa kwanza tangu wakazi wa mtaa wa Membley wakuchague kuwa katibu wao. Nimeisoma mara mbili. Imepangwa vizuri, nami nimejivunia. Lakini nilipokuuliza ni wapi katika orodha hiyo alipo mlinzi wa geti lenu, Baba Moraa, uliyesema ana ombi kwa kamati, ulinijibu, "Ni kitu kidogo, Baba. Nimemweka kwenye AOB."

Jibu hilo nami niliwahi kulitoa.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni, naishi hapa hapa Makongeni katika chumba kimoja. Majirani walikuwa na kikundi cha kusaidiana, na kwa kuwa nilijua kupiga taipu, wakanifanya katibu. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba watu wa kipato kidogo wakikutana kwa utaratibu wanaweza kutendeana haki bila kumngojea mkubwa yeyote. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba utaratibu ndio haki yenyewe.

Mama Nekesa alikaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Bungoma. Mumewe, Baba Nekesa, alikuwa fundi wa mashine kiwandani hadi ugonjwa ulipomlaza. Siku moja kabla ya mkutano, mama huyo alinikuta bombani nikifua shati.

"Katibu, Baba Nekesa anataka kufika kwao akiwa bado anaongea. Yeye na kaka yake mkubwa hawajasemezana miaka tisa. Kwa basi hawezi, mgongo unakataa kukaa. Mkitupatia ile pikapu ya kikundi siku mbili tu, nitamlaza nyuma na godoro."

"Usijali, Mama. Nitakuweka kwenye AOB."

"Hiyo ni namba ngapi?"

"Nane."

"Na ziko ngapi?"

"Nane."

Akacheka. "Kwa hivyo mimi ndio mkia."

"Hata mkia ni nyama, Mama. Utasikizwa. Nakuahidi."

Herufi hizo tatu, kama ujuavyo, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "any other business", na katika ajenda za Kiswahili tunaandika "mengineyo". Chuoni nilifundishwa matumizi yake. Nafasi hiyo ni ya jambo lililozuka baada ya ajenda kusambazwa, au tangazo fupi lisilohitaji uamuzi: fulani amejifungua salama, ufunguo umeokotwa karibu na bomba. Jambo lililojulikana mapema, lenye mtu anayelisubiri, lastahili namba yake. Nililijua hilo. Lakini ajenda ilikuwa imeshapigwa taipu, na kuingiza namba mpya kungenilazimu kuanza upya karatasi zote na kaboni zake za kutolea nakala. Basi nikamwingiza mtu aliyekuwa akifa mahali ambapo hapakuhitaji kupigwa taipu tena.

Mkutano ulianza saa nane. Namba ya sita ilihusu rangi ya sare za kikundi, nayo ilikula saa nzima.

"Maruni inaficha uchafu!"

"Bluu ndiyo safi!"

"Baba Ciku, wewe nyamaza. Hiyo shati umevaa, hata wewe hujui ilikuwa rangi gani."

Tukacheka sote. Mama Nekesa, kwenye benchi la nyuma, naye akacheka. Namba ya saba ilipokwisha, wingu jeusi lilikuwa limefunika upande wa kiwandani, na akina mama wakakumbuka nguo walizoanika. Mwenyekiti aliuliza akiwa ameshasimama, "Kuna AOB?" Watu wakajibu kwa sauti moja, "Hakuna! Tuombe!"

Mama Nekesa alikuwa ameinua mkono, ukafika begani. Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi. Nikainamisha macho kwenye daftari.

Unajua macho yangu yalikuta nini pale, mwanangu? Yalikuta sentensi ya mwisho ya kumbukumbu za mkutano, ambayo nilikuwa nimeiandika tangu asubuhi ili kuokoa muda, kama nilivyozoea kila mwezi: "Kwa kuwa hapakuwa na mengineyo, mkutano ulifungwa kwa maombi."

Watu walipokuwa wakikimbilia nguo zao, nilimfuata nikamwambia, "Mkutano ujao, Mama, nitakuweka namba moja." Mkutano ujao ulikuwa mwezi mmoja mbele. Katika wiki ya pili sauti ya Baba Nekesa ilipotea. Katika wiki ya tatu akafariki.

Mkutano wa dharura uliitishwa jioni hiyo hiyo, na ajenda niliiandika mimi. Namba moja: kumsafirisha marehemu. Sijapata kuona ari kama ile. Pikapu ilitolewa kabla mtu hajaiomba, dereva akajitolea, wanakwaya wakajitolea, Baba Ciku akaahidi turubai. Yote yaliamuliwa kabla chai haijapoa. Mama Nekesa, ambaye safari hii alikuwa ameketishwa benchi la mbele, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Kumbe gari lilikuwepo, Katibu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa kama angenitukana.

Kule Bungoma tulimkuta kaka wa marehemu akitungoja njiani. Aliushika ubavu wa pikapu kabla haijasimama, akawa anatembea nayo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, aliniuliza, "Ameniachia neno gani?" Mama Nekesa ndiye aliyemjibu, akiwa ameketi kando ya jeneza: "Alitaka kukuambia mwenyewe."

Mwanangu, sikwambii uuache utaratibu. Nimekuwa katibu wa vikundi vingi tangu siku hizo, na bado naandika ajenda. Lakini siandiki kabla ya kuwazungukia watu na kuwauliza, na anayenipa jambo huliona limeandikwa kwa jina lake, mapema katika orodha, watu wakiwa bado wana subira. Ile sentensi ya mwisho mimi huiandika mwisho, baada ya kulitazama benchi la nyuma. Sisi watu wa vikundi ni wepesi mno kuwahudumia waliokufa, ilhali walio hai tunawaambia wangoje mwezi ujao. Katibu ndiye anayeweza kulibadilisha hilo, kwa maana ndiye anayeshika kalamu kabla ya watu kukutana.

Mungu akubariki katika kazi hii, akupe jicho la kuuona mkono ulioishia begani, na akupe ujasiri wa kumrudisha kitini mwenyekiti aliyekwisha kusimama.

Nilipokuuliza ombi la Baba Moraa ni lipi, ulisema hukumwuliza. Mkutano wenu ni Jumamosi. Nakuomba ushuke getini leo, umwulize.