Mioyo Mitatu ya Pweza na Jicho la Baba

Kabla sijasimulia jinsi nilivyodanganya mbele ya ukoo mzima na ng'ombe wanane, naomba ieleweke kwanza kwamba mimi si mwongo. Watu wa Bariadi wanaonifahamu watanitetea. Nina kibanda cha kutoa fotokopi na kuchapa barua, na mlangoni nimesimamisha ubao mweusi ambao kila asubuhi ninauandikia jambo moja la ajabu lakini la kweli. Asali haiozi. Papa walikuwepo baharini kabla mti wa kwanza haujaota duniani. Twiga, pamoja na shingo yote ile, ana mifupa saba tu shingoni, sawasawa na afisa mtendaji wa kata. Watu wanasimama, wanasoma, wanaguna, wengine wanaingia ndani kubishana, na mtu akishaingia kubishana mara nyingi anakumbuka kwamba ana cheti cha kutolewa kopi.

Lakini sikuanza kwa ajili ya wateja. Nikipata jambo la namna hiyo mwili mzima unanisisimka, natamani kumshika mtu wa kwanza anayepita nimtikise mabega. Siandiki kitu kabla sijakihakikisha zaidi ya mahali pamoja, na anayesema uongo mbele yangu namsahihisha hapohapo, hata kama ni msibani. Nimewahi kufanya hivyo msibani. Sikualikwa arobaini.

Mtu mmoja tu hakubabaishwa na ubao wangu, naye ni baba yangu mzazi. Baba analima pamba na kufuga ng'ombe kijijini Zagayu, na ujanani alikuwa mchezaji wa ngoma wa Bagika, chama cha ngoma cha Wasukuma, wa wale ambao wakivaa njuga miguuni hata wagonjwa wanatoka nje kuangalia. Nikimpelekea jambo la ajabu alikuwa akilisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha anauliza, "Hiyo simu yako imewahi kuchunga?"

Sasa baba aliingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ule ukungu mweupe ulianza kidogokidogo, naye akaanza kuuficha kidogokidogo. Alikataa kukubali kwamba haoni. Alisema miti ya siku hizi inaota vibaya, ndiyo maana anagongana nayo. Siku moja alipita mbele ya magunia ya pamba yaliyopangwa nje ya nyumba, akayaamkia, "Mwadila!" Magunia yakakaa kimya. Akayaamkia tena, na yalipozidi kukaa kimya aliingia ndani akifoka kwamba vijana wa leo wamekosa adabu, wanakaa wamejazana kwenye mji wa mtu na salamu hawaitikii. Tulicheka mpaka mama akalazimika kukaa chini. Halafu nikamwona mama anajifuta macho, na hayakuwa machozi ya kicheko yote.

Kambi ya madaktari wa macho ilikuwa inakuja Maswa kwa siku chache. Nilikwenda Zagayu kumsihi. Baba akakataa katakata. Alikuwa amesikia mnadani kwamba daktari hulitoa jicho zima, hulilaza kwenye sahani, hulifuta kwa kitambaa, kisha hulirudisha. Tena kulikuwa na mzee mmoja, mji wake haukutajwa, ambaye lake lilirudishwa kinyumenyume, na tangu hapo anaona ubongo wake tu.

"Baba, jicho halitoki," nilimwambia. "Ndani kuna kitu kama kioo, kinaitwa lenzi. Chako kimechafuka. Wanakitoa hicho, wanaweka kingine."

"Umeona wakifanya?"

"Nimesoma."

"Yule mzee aliyefanyiwa ameona."

"Huyo aliona nini wakati anaona ubongo wake tu?" Nilishapandisha sauti. Hasira zangu ziko karibu, nimezirithi kwake.

Baba akatabasamu, na hapo nikajua ameniwekea mtego. "Mayu," akasema, yaani mama, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi binti yake akitaka kunishinda, "wewe una maajabu ya kwenye simu, mimi nina maajabu ya hapa. Jumamosi ukoo wote unakuja kula sikukuu ya mavuno. Tushindane kama ngoma. Ukinishinda, nakwenda huko kambini wanifute macho wanavyotaka. Nikikushinda, usinitajie hospitali tena mpaka mnizike."

Ngoma zetu za ushindani hazina majaji wa kutoa maksi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, na watazamaji ndio wanaotembea. Ukiwachosha wanakuacha wanahamia kwa mwenzako, bila hata kuaga. Mwishoni, mwenye watu ndiye mshindi, basi. Nilikubali hapohapo. Usiku wa siku mbili nilizobaki nazo nilipitia daftari langu la maajabu nikicheka peke yangu, nikijua kabisa kwamba mkononi nina macho ya baba.

Jumamosi mchana, nyama ikiwa bado jikoni, shangazi alichora mstari wa majivu katikati ya uwanja wa nyumbani. Shangazi ni mwalimu mstaafu na filimbi yake ya shule hajawahi kuirudisha. Alitangaza sheria: akipuliza mara ya mwisho, kila mtu asimame alipo, kimya, kusiwe na mguu wala neno, ili asije mtu akajipenyeza upande mwingine akisingizia alikuwepo. Mimi nikapanda juu ya kreti ya soda, nyuma yangu wakiwa wamefungwa ng'ombe wa baba. Baba akasimama upande wa pili na njuga zake miguuni, jua likimpiga usoni. Mdogo wangu wa kike akatoa simu arekodi.

Nilianza na pweza. "Ana mioyo mitatu!" nilipiga kelele. "Na damu yake ni ya bluu!" Watu wakavuta hatua. Mjomba mmoja akauliza kama akipenda anapenda na yote mitatu, na kicheko chake kikaleta wengine kumi. Baba akajibu na ndege wa asali, yule anayemwita mtu porini, anamtangulia mti kwa mti mpaka kwenye mzinga, kisha anasubiri aachiwe nta. Nusu wakarudi kwake. Nikawatupia vita vya Zanzibar, vya zamani, Sultani na Waingereza, vita ambavyo saa moja haikutimia vikawa vimekwisha. "Wewe unayepika hapo, maharage yako yangekuwa bado magumu!" Wapishi wakaacha vyungu wakaja kwangu. Nikawaambia kwamba farasi wanaowasikia wakikimbia kwenye filamu mara nyingi si farasi, ni mtu amekaa chumbani anagonga vifuu viwili vya nazi. Nikawaambia kwamba sayari ya Zuhura inajizungusha polepole kuliko inavyolizunguka jua, kwa hiyo ukizaliwa huko, sikukuu yako ya kuzaliwa inafika kabla sayari haijamaliza kujizungusha hata mara moja. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Binamu zangu walishika vichwa. Kwa baba walikuwa wamebaki watu sita na mama, na mama alibaki kwa ajili ya ndoa tu.

Nilikuwa nimeshinda. Ningeshuka pale kwenye kreti nikanywa maji, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilikuwa nimelewa sifa, nikatamani moja la kumalizia.

"Fahali," nikasema, "haoni rangi nyekundu."

Kosa kubwa. Mambo ya pweza wananiachia, nani kati yetu amemfuga pweza? Lakini huwezi kusimama mbele ya Wasukuma waliokua mkiani mwa ng'ombe ukawaambia habari za fahali. Mjomba wa mioyo mitatu akauliza nilimpima lini. Mwingine akasema fahali wake aliwahi kumkimbiza muuza nguo, na katika nguo zote alichana nyekundu. Nikaanza kueleza kwamba kinachomkera ni kitambaa kupepea, nikaeleza habari za macho ya ng'ombe, nikaanza kusahihisha watu mmojammoja kwa majina ya fahali wao. Ngoma yangu ikageuka kikao.

Ndipo tuliposikia njuga. Baba alikuwa amejilaza chini kwenye vumbi, mzee wa miaka yake, na shati lake la sikukuu.

"Ninyi mmechunga!" aliita. "Ng'ombe akilala, akitaka kuinuka, anaanza na nini?"

Watu walitazamana. Wazee wenye zizi zima walifungua midomo wakaifunga.

"Anaanza na matako!" Baba akanyanyua makalio juu, magoti ya mbele bado yako chini, akatulia hapo akipumua kwa pua kama maksai aliyechoka, njuga zikilia, halafu ndipo akainua kifua. "Na punda je?" Akajilaza tena. Safari hii akatanguliza mikono, kifua juu, akakaa kitako kama bwana mkubwa anayesubiri chai, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo makalio yakafuata.

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Mstari wa majivu ulifutika. Kila mmoja alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote na hakuwahi kulijua, na sasa walitaka kuliona tena, karibu. Wapishi walikwenda. Watoto walikwenda. Mama ambaye tayari alikuwa huko aliruka juu. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka nimejishika tumbo, na mguu mmoja ulishashuka kwenye kreti kwenda kwake nilipokumbuka macho. Shangazi akapuliza filimbi.

Kila mtu akaganda alipo. Upande wangu hakukuwa na binadamu. Nilisimama peke yangu na ng'ombe wanane, nikiwa nimecheza na macho ya baba yangu nikayapoteza kwa sababu ya ubishi.

Baba alisimama akajikung'uta vumbi. Jua lilikuwa usoni pake, na kelele za njuga zilikuwa zimemfunikia vishindo na vicheko vya waliomkimbilia. Watu walikuwa wamemzunguka hatua nne tu, wameziba midomo kwa viganja wasicheke, naye akanyoosha shingo juu ya vichwa vyao vyote, akatazama kule nilikokuwa, kwenye lile wingu jeusi la ng'ombe lililokuwa linasogeasogea nyuma yangu.

"Eh," akasema taratibu. "Wote wamekwenda kwako, mayu?"

Hakuna aliyejibu. Sheria ya shangazi ilikuwa imewafunga midomo. Lakini niliona nyuso zao zinabadilika, mmoja baada ya mwingine, kicheko kikiondoka. Walikuwa wanajua kwamba macho ya baba ni mabovu. Hawakuwa wamejua kwamba yamefikia hapo. Shangazi aliondoa filimbi mdomoni akanitazama, na wote wakageuka kunitazama mimi, msema kweli wa Bariadi.

Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Wote wako kwangu."

Baba akainama, akafungua njuga. "Basi nimeshindwa," akasema. "Wabeja, asanteni kwa kunisikiliza." Na wale watu wa ukoo wetu, ambao hawajawahi kutunza siri hata ya nani ameiba kuku, walizunguka polepole nyuma ya nyumba, wakatokea upande wangu wakinipongeza kwa sauti kubwa.

Baba alitimiza neno lake. Kule kambini walianza na jicho la kulia, kwa kuwa ndilo lililokuwa baya zaidi. Jicho halikuwekwa kwenye sahani, nililiulizia hilo mbele yake. Walipotoa bandeji asubuhi yake alinitazama kwa muda mrefu sana. "Kumbe umezeeka," akasema. Kisha akatoka nje akaangalia juu na kuuliza kama mbingu ilikuwa bluu hivi siku zote. Nilikuwa na maelezo ya hilo, mazuri kweli, namna mtoto wa jicho anavyofifisha rangi ya bluu, lakini niliishia kulia na kucheka kwa pamoja mbele ya wauguzi.

Tulichosahau ni ile simu ya mdogo wangu. Wiki mbili baadaye nilifika Zagayu nikamkuta baba ameketi kwenye kigoda, simu ameishika mbali na uso, anatazama. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikibishana habari za fahali. Nikatamani ardhi ipasuke.

Aliitazama mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Mara ya pili aligusa kioo kwa kidole. "Huyu mzee," akasema. "Watu wamemjaa mpaka puani, na yeye anauliza wako wapi."

"Baba, nisamehe. Nilidanganya."

Alisogeza simu karibu zaidi, akaangalia upande wangu wa uwanja, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. "Nimeshindwa na ng'ombe wangu!" akapaza sauti. "Wanane! Na yule mwenye pembe iliyovunjika amenishangilia kwa chafya!" Alicheka mpaka simu ikamponyoka, nami nikacheka, na mama akatoka jikoni akaanza kucheka kabla hajajua tunacheka nini.

Alipotulia alijifuta machozi, akaweka uso wa kikao.

"Kwa hiyo nilishinda."

"Ulishinda, baba."

"Na mshindi aliahidiwa nini?"

"Nisikutajie hospitali tena," nikasema, nikijua kwamba jicho la kushoto lilikuwa bado.

"Ahadi ni ahadi. Usiitaje." Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akanitazama kwa lile la ukungu, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaondoa mkono.

"Nitaitaja mimi," akasema. "Wale watu wa kambi wanarudi lini?"